Mizani ya Dharau Yaenda Mazikoni

Katika ukumbi wa Mamlaka ya Staha watu wote walikuwa wakitabasamu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na furaha. Walikuwa wamezoea tu. Mizani ilining'inia darini, duara jeusi lenye ukubwa wa kisahani cha kikombe, na kila mtu mjini alikuwa amejifunza kwamba mdomo ulioinuka pande zote mbili hauna kesi. Unaomponza mtu ni ule unaoinuka upande mmoja.

Dkt. Skolastika Kikoti alikaa mwisho wa meza akitafuna kalamu. Aliipitisha kwa mapana kati ya meno, kwa sababu kalamu ikikaa hivyo mdomo hauna la kufanya ila kuvutika sawasawa huku na huku. Wapenzi wa kipindi chake cha redio, waliowahi kumwona pichani, waliamini kwamba ndivyo wasomi wanavyofikiri. Mazuzu wakubwa. Bila kalamu ile angekuwa amepelekwa darasa la staha zamani sana, maana tangu kikao kianze hajasikia hata sentensi moja isiyomtia kinyaa.

Waliokuwa wakizungumza ni wavumbuzi, vijana watatu waliovaa viatu vya gharama na kusema "jamii yetu" kila walipokosa la kusema. Walileta Mizani mpya, kidude cha kuvaa shingoni, na wakaielezea vibaya kiasi kwamba mwenyekiti alimgeukia Skola amsaidie kuelewa. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Kwa miaka mingi alikuwa akichukua mambo magumu ya maabara na kuyamenya redioni mpaka muuza vitumbua ayameze, na wasikilizaji walimpenda bila kujua jinsi alivyowadharau.

Akaitoa kalamu mdomoni, akainamisha uso, akaeleza. Hasira huvuta uso mzima, alisema, na huzuni vilevile. Dharau ndiyo hisia inayovuta upande mmoja, pembe moja ya mdomo, kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha akawa hataki mwenye nyumba ajue. Mizani ya zamani inatazama pembe hiyo tu, ndiyo maana watu wameizoea na kuipiga chenga. Mpya inatazama damu. Kabla mdomo haujavutika, damu hukimbilia kwenye shavu lile, na kidude hiki kinaiona chini ya ngozi hata mwenye uso akijikaza. Wakati huohuo kinasikiliza sauti, namna inavyopoa mtu anapomsemesha mwingine kama anayesemesha kuku. Damu na sauti vikikubaliana, taa inakuwa nyekundu. Visipokubaliana inabaki kijani, hata kama maneno yenyewe ni matusi matupu.

"Kwa hiyo kinajua moyo," mwenyekiti akasema.

"Kinajua shavu," Skola akamjibu, akairudisha kalamu mdomoni.

Kilichokuwa mezani ni misiba. Sheria ya Staha ilikuwa imeingia maofisini, sokoni, mahakamani na makanisani, lakini misiba iliachwa, kwa sababu ya watani. Akifa Mhehe, Wangoni huja kumtukana. Huvaa nguo zake, humwigiza alivyokuwa akitembea, huwazomea wafiwa wanaolia, hulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka wapewe kitu. Mhehe naye huenda kufanya vivyo hivyo kwa Wangoni, na hakuna anayenuna. Mizani ya zamani ingewaka kama moto wa nyika. Wavumbuzi wakadai kwamba hii yao mpya itajua utani ni upi na dharau ni ipi, kwa hiyo misiba nayo ifungwe taa.

Skola hakuamini hata kidogo. Si kwamba aliipenda misiba. Aliiona kuwa kelele za watu wanaongoja wali. Lakini alitamani sana kuwaona wale vijana wa viatu wakiaibika. Akajitolea kukijaribu kidude mwenyewe. Kikiuita utani dharau, kitapigwa marufuku mazikoni moja kwa moja. Kikiweza kutofautisha, kitafungwa kwenye kila msiba nchini. Mamlaka ikakubali, ikampa afisa wa kufuatana naye, Bwana Ambakisye, mtu mpole mwenye suti ya kahawia, na ikaandika wazi kwamba neno la Daktari ndilo litakaloamua.

Alichokuwa hajui ni kwamba msiba utakaopatikana utakuwa wa kwao.

*

Mzee Venansi Kikoti alifariki kijijini Kalenga akiwa kitandani, amezungukwa na chupa. Humo ndimo ulimokuwa utajiri wake. Binti yake alipoeleza redioni habari za sumaku, mzee aliuza maji ya sumaku ya kuondoa maumivu ya mgongo. Alipoeleza jinsi mimea inavyopokea mwanga, mzee aliwauzia majirani vioo vya kuweka chini ya maharage. Na Mizani ilipoanza kufungwa mjini, mzee alichanganya mafuta ya nguruwe na mnanaa, akayatia kwenye vikopo, akatangaza kwamba ukijipaka usoni Mizani haikuoni. Kila bidhaa ilikuja na maneno yaleyale: binti yangu Daktari ameithibitisha.

Skola alikuwa amemwandikia, amempigia, amemfuata mpaka nyumbani kumwomba aache. Mzee alimsikiliza kwa furaha, akamkaribisha pombe ya ulanzi, kisha akawaambia wageni kwamba mwanawe amesafiri umbali wote huo kuja kuhakiki mafuta. Hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomuudhi binti yake kuliko yote. Aliamini. Alisikiliza kila kipindi redio ikiwa sikioni, na hakuelewa hata kimoja.

Sasa alikuwa ndani ya jeneza sebuleni, na uwanjani Wangoni walikuwa wameshafika.

Aliyewaongoza ni Mama Mbano, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyeolewa Kalenga ujanani na ambaye hakuna Mhehe aliyezikwa pale bila yeye kumtukana kwanza. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, na mikononi ameshika sinia la vikopo. Aliwapitia waombolezaji mmoja mmoja akiwauzia mafuta, akimwigiza mzee hata kile kikohozi chake cha kabla ya kutaja bei. Alimwambia mchungaji ajipake kichwani, kwa sababu mahubiri yake yanavuja. Aliwaambia wafiwa walie vizuri, maana mbwa wote wa kijiji leo wanasherehekea kwamba Mhehe mmoja amepungua.

Skola alikuwa amekivaa kidude kifuani, kioo kikitazama mbele, taa ikimwelekea yeye. Alimfuata Mama Mbano akingoja wekundu. Taa ilikuwa kijani. Mama Mbano akamwita marehemu tapeli, taa ikabaki kijani. Kijana mmoja wa Kingoni akalala mlangoni akijifanya maiti aliyedai kurudishiwa pesa zake za vioo, kijani. Bibi mwingine akalipiga jeneza kofi na kumwambia mzee aamke aache uvivu, na taa ikawa kijani cha kuiva kabisa, kwa sababu yule bibi alikuwa akilia.

Bwana Ambakisye akachungulia juu ya bega lake, akasema kwa upole kwamba vijana wale huenda si wajinga kama Daktari alivyofikiri. Skola akamwambia kipimo hakijaisha.

Alichukia. Alikuwa amekuja kuthibitisha kwamba kidude ni kijinga, na kidude kinamjua Mngoni kuliko mwenyekiti wa Mamlaka anavyowajua watoto wake.

*

Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, alikitundika kidude kwenye mlingoti wa kipaza sauti, kimtazame kila atakayesimama kusema. Taa, inayozunguka, aliigeuzia upande wa msemaji, kwa hiyo watu waliokaa chini ya turubai hawakuiona. Msemaji wa kwanza alikuwa yeye, mtoto wa pekee.

Alikuwa ameuandika vizuri. Alijua kuandika. Marehemu alizaliwa, akasoma, akafanya kazi ya bwana shamba mpaka alipostaafu. Alikuwa mtu wa watu. Alipenda maarifa. Alimlea mwanawe kwa upendo na kumwachia mfano wa kuigwa.

Hapo akaiona taa. Ilikuwa nyekundu.

Alidhani ni jua. Akasogea, akarudia sentensi ileile kama mtu anayesisitiza, na waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Taa haikubadilika. Akaruka mstari, akasoma kwamba mazishi yatafuatiwa na chakula, na kijani kikarudi papo hapo. Akasema tena neno "baba". Nyekundu.

Mtu mwingine angeweza kujidanganya. Skola alikuwa ameieleza mashine hii mwenyewe, na alijua kwamba haikukosea. Alisimama mbele ya watu wa kwao akimsifu baba aliyemwona kuwa zuzu, na shavu lake lilisema hivyo. Hakuona haya kwa kumdharau mzee. Alikuwa na sababu zake na bado anazo. Aliona haya kwa sababu wale wote waliomtukana walikuwa wakimpenda, na yeye aliyekuwa akimsifu hakumpenda kiasi hicho. Aliumia, akakasirika kwamba ameumia.

Akamaliza kusoma, akakichukua kidude kabla msemaji wa pili hajafika, akamwambia Bwana Ambakisye kwamba betri inahitaji kupumzika.

Na aliwatazama waliofuata kwa jicho jipya. Shemeji aliyedhulumiwa shamba na mzee akamsifu kwa ukarimu. Mwalimu mstaafu aliyemwita mzee mwehu kila siku ya soko akalia machozi ya kweli au ya uongo, hakuna aliyeuliza. Hakuhitaji kidude kujua kwamba kingewaka kwa nusu yao. Hata hivyo walikuja, wakasimama, wakasema maneno mazuri, na kesho watasalimiana. Msibani mtu anaruhusiwa kumlilia asiyempenda. Ukifunga taa pale, kila kifo kitazaa maadui wapya, na Mngoni gani atafungua mdomo kumtukana maiti huku afisa akimsomea shavu? Skola aliliona hilo wazi. Lilimkera kuliona, kwa sababu lilimfanya awe upande wa watu wanaongoja wali.

*

Makaburini Mama Mbano akawatangulia, akashuka ndani ya shimo, akajilaza chali na kofia ya mzee usoni. Wachimbaji wakaegemea majembe. Kila mtu alijua utaratibu: hatoki mpaka apewe anachotaka, na mtani akitaka kitu cha mfiwa hanyimwi.

Alipewa kuku, akamkataa. Akapewa kitenge, akauliza kama wanadhani amekuja kuolewa. Kisha akainua mkono kutoka shimoni na kumwelekezea Skola.

"Nataka hilo dude la shingoni kwako, Skola. Baba yako ameuza takataka maisha yake yote, wewe peke yako ndiye unayetembea na kitu cha maana."

Watu wakacheka. Bwana Ambakisye akasema kwamba ile ni mali ya Mamlaka, na wazee wawili wakamshika bega taratibu wakamweleza kwamba msiba hauna Mamlaka. Skola akakivua akakitupa shimoni. Angefanya nini?

Mama Mbano akasimama, kaburi likimfika kifuani. Akakigeuza huku na huku mpaka akaelewa upande wa kioo na upande wa taa. Akakichovya kioo kwenye kikopo cha mafuta ya marehemu, akakifuta kwa pindo la koti, kisha akakiinua taa ikiwaelekea waombolezaji wote, kioo kikimtazama yeye. Akakohoa kile kikohozi.

"Karibuni mafuta. Yamethibitishwa na binti yangu Daktari, ambaye hajawahi kuyanusa. Mimi Venansi nimekufa, lakini ngozi yangu mnaiona, laini kama ya nguruwe."

Taa ilikuwa kijani, na watu wakapiga makofi. Akakigeuza kidude, safari hii kioo kikamtazama Skola pale juu, na taa akaizungushia upande wa watu. Hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa zamu ya mfiwa kuchezewa, basi.

"Haya, Mhehe, sema na wewe. Sema, baba yangu alikuwa mtu wa maana."

Skola angeweza kukataa. Angeweza kulia, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na maneno yenyewe yalikuwa mepesi, akayasema.

Nyekundu ikawaka mchana kweupe, kila mtu akaiona.

Mama Mbano alimtazama Skola usoni, na wale wawili wakaelewana kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwao. Kisha mwanamke yule akakipiga kidude kwenye ukuta wa udongo, akapaza sauti kwamba jamani, mafuta ya Venansi yamefanya kazi, yamelivuruga dude la serikali. Kicheko kikapasuka makaburini pote. Mchungaji alicheka. Shemeji wa shamba alicheka. Mtu mmoja nyuma akauliza vikopo vimebaki vingapi. Walimfungulia Skola mlango wa kutokea, tena kwa upendo, wote kwa pamoja, na sehemu yao walijua wanachofanya.

Bwana Ambakisye peke yake hakucheka. Alikuja kando yake, akauliza kwa sauti yake ya upole, na watu wakanyamaza wasikie.

"Daktari, naomba neno lako la mwisho. Ni kweli mafuta haya yanaharibu kipimo?"

Ndiyo moja tu ilitosha. Kwa ndiyo hiyo misiba ingeachwa, Wangoni na Wahehe wangeendelea kutukanana mpaka mwisho wa dunia, vijana wa viatu wangerudi na aibu yao, na hakuna mtu wa Kalenga ambaye angewahi kusema kwamba binti wa Kikoti alimdharau baba yake kaburini. Kila alichotaka kilikuwa ndani ya neno moja la uongo.

Lakini neno lenyewe lilikuwa hilohilo. Mafuta ya nguruwe na mnanaa, yamethibitishwa na Daktari. Mzee alikuwa amelisubiri tangu siku ya maji ya sumaku, amelikopa, amelibuni, amelitangaza kila soko, na sasa akiwa ndani ya sanduku anataka kulipata kihalali, mbele ya mashahidi na afisa wa Mamlaka. Skola aliwatazama watu wale waliokuwa wamemwinulia nyuso, wenye huruma, tayari kumeza lolote atakalowapa kama walivyomeza vioo vya maharage. Kinyaa kikampanda. Afadhali wamchukie, alijiambia, kuliko kusimama hapa kuuza kikopo.

"Mafuta hayana kazi yoyote," akasema kwa sauti ya redio, safi, kila silabi mahali pake. "Kipimo ni kizima. Hakijakosea tangu asubuhi."

Bwana Ambakisye akashusha pumzi. Akasema kwamba basi jambo limekwisha, na kwamba Mamlaka itafurahi, taa zitaanza kufungwa misibani haraka iwezekanavyo. Akainama kwenye ukingo wa shimo na kunyoosha mkono aombe kifaa chake.

Mama Mbano akampa. Akatoka shimoni kwa kushikwa mkono na wachimbaji, bila kudai kuku wala kitenge. Akajikung'uta udongo. Akaivua kofia, akalivua koti, akalikunja vizuri mikono ikiwa ndani, akamletea Skola akiwa amevishika kwa mikono miwili na kupinda goti kidogo, kama mtu anavyomwendea mgeni mkubwa kutoka mjini.

"Pole na msiba, Daktari," akasema. "Mwenyezi Mungu akutie nguvu wewe na familia yako."

Akaenda kusimama kwenye mstari wa akina mama. Wangoni wengine wakamfuata, mmoja baada ya mwingine wakampa Skola mkono na pole ileile, wakaenda kusimama. Yule kijana aliyekuwa maiti mlangoni alimwita mheshimiwa. Jeneza likashushwa. Mchungaji akasoma, kwaya ikaimba, na Mzee Venansi Kikoti akazikwa kwa adabu zote, bila mtu hata mmoja kumwita tapeli.

Skola alibaki ukingoni na koti lile kifuani, linanuka mnanaa. Udongo ulijaa, ukapigwa majembe, maua yakawekwa. Alimtafuta Mama Mbano kwa macho na kumkuta akimtazama kwa heshima kubwa. Alisubiri atukanwe. Alisubiri mpaka watu wakaanza kuondoka, na kila aliyepita mbele yake aliinamisha kichwa na kumpa pole.